Mastodon, Bluesky au Nostr: mtu wa mijadala ya siasa ajiunge wapi?

Tangu Mei 2025, X ilipozimwa Tanzania baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kudukuliwa, swali moja limekuwa likizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: tuhamie wapi? Septemba mwaka huohuo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikalisimamisha jukwaa la mijadala la JamiiForums kwa siku 90, na swali likaongezeka uzito. Wengi waliweka VPN, programu ya kupita vizuizi vya mtandao, wakaendelea na mambo yao. Wachache wakaanza kutaja majina mengine: Mastodon, Bluesky, Nostr.

Yote matatu huitwa mitandao iliyogatuliwa, kwa maana kwamba swichi haiko mkononi mwa kampuni moja. Lakini kila mmoja umegatua kitu tofauti, na kwa anayetaka kubishana siasa tofauti hiyo ni kubwa. Mastodon imegawa madaraka kwa wenye seva, yaani kompyuta zinazohifadhi akaunti na machapisho. Bluesky imegawa vichujio. Nostr imemwachia mtumiaji kila kitu, pamoja na hasara zake zote. Nimeilinganisha kwa maswali yanayomhusu mtu wa siasa hasa, na sitajifanya sina upande. Kwangu haki kubwa kuliko zote za mtumiaji ni kuweza kuondoka bila kupoteza watu wake. Mtandao usiotoa haki hiyo umekushika, hata ukikupa vitufe mia vya kubonyeza.

Nani anaweza kukufukuza

Mastodon ilianzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko, akiwa Ujerumani. Ni programu huria ambayo mtu yeyote anaweza kuiweka kwenye seva yake. Seva hizo ni maelfu, na zinawasiliana kwa itifaki (kanuni za mawasiliano ya kompyuta) ya ActivityPub iliyopitishwa Januari 2018 na W3C, shirika la viwango vya wavuti. Ukijiunga unakuwa mpangaji kwenye seva fulani, na mwenye nyumba ni yule anayeilipia. Ndiye anayeweka kanuni, anayepokea malalamiko, na anayeweza kukufungia. Anaweza pia kukata uhusiano na seva nyingine nzima, na kuanzia hapo wewe na watu wa kule hamuonani tena.

Nguvu ya uwezo huo ilionekana Julai 2019, pale Gab, mtandao uliokuwa kimbilio la mrengo mkali wa kulia Marekani, ulipohamia kwenye programu ya Mastodon. Programu ni huria, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuwakataza kuitumia. Lakini seva moja baada ya nyingine zilikata uhusiano nao bila kusubiri amri ya makao makuu, na hata baadhi ya programu za simu zikawafungia mlango. Gab ikabaki na programu, ikakosa watu wa kuzungumza nao. Sijaona kampuni kubwa ikitoa jibu zuri kama hilo kwa chuki ya kisiasa. Aliyetaka kusema alisema kwake, na asiyetaka kusikia hakulazimishwa.

Uwezo huohuo una upande unaouma. Novemba 2022 waandishi wa habari waliokuwa wakiikimbia Twitter (sasa X) walifunguliwa seva iitwayo journa.host. Haukupita muda, baadhi ya seva zikaizuia yote, kwa mabishano yaliyotokana na machapisho ya watu wachache tu. Mwandishi ambaye hakuwa amemkosea mtu akajikuta haonekani kwa sehemu ya wasomaji wake, kwa uamuzi wa admini, msimamizi wa seva, asiyemjua na asiye na wajibu wa kumpa sababu. Mapema 2023 ikaja zamu ya mastodon.lol, iliyokuwa na watumiaji takriban 12,000. Ugomvi kuhusu mchezo mmoja wa kompyuta uligeuka kuwa ugomvi wa siasa za haki za watu, matusi yakamfikia mwenye seva, naye akatangaza kwamba anafunga. Watu wote wale ikabidi wafungashe kwa sababu mtu mmoja, aliyekuwa akijitolea, alichoka.

Bluesky ilizaliwa ndani ya Twitter. Jack Dorsey, mkuu wa Twitter wakati huo, alitangaza wazo hilo Desemba 2019, baadaye likawa kampuni inayojitegemea chini ya Jay Graber, na Februari 2024 milango ikafunguliwa kwa kila mtu bila mwaliko. Kwenye karatasi, itifaki yake, AT Protocol, inamruhusu yeyote kuendesha kipande chochote: hifadhi ya akaunti, usambazaji wa machapisho, programu ya kusomea, hata usimamizi. Kwa hali ilivyo, walio wengi mno wako kwenye seva za kampuni. Kampuni ikikufungia kwenye programu yake, umetoweka machoni pa karibu watu wote, hata kama data yako bado ipo mahali. Ndiyo maana nawafuatilia sana Blacksky, jumuiya ya watu Weusi iliyoanzishwa na Rudy Fraser. Walianza na mlisho mmoja tu, yaani ukurasa unaokusanya machapisho ya aina fulani, kisha wakajijengea hifadhi yao ya akaunti na usimamizi wao wenyewe. Wamethibitisha kwamba inawezekana, na pia kwamba inataka wataalamu na fedha za kila mwezi.

Nostr ilianzishwa mwaka 2020 na mtu anayejiita fiatjaf. Huko hakuna akaunti kwa maana tuliyoizoea. Una jozi ya funguo: mmoja unaoanza na npub, ambao unampa kila mtu, na mwingine unaoanza na nsec, ambao humpi mtu yeyote. Kila chapisho linatiwa saini kwa ufunguo wa siri na kutumwa kwenye rilei kadhaa, ambazo kazi yake ni kupokea na kugawa. Rilei ikikukataa, unaongeza nyingine. Hakuna wa kukufukuza. Hakuna pia wa kumfukuza anayekutukana asubuhi hadi jioni. Kazi hiyo ni yako na programu uliyoichagua.

Nani anaamua unachokiona

Mastodon inapanga machapisho kwa saa, la karibuni juu, na hakuna algoriti inayosukuma hasira mbele kwa sababu hasira inavuta macho. Kwa siasa hilo ni jambo jema sana. Nimesoma huko mabishano marefu kuhusu kodi na ardhi ambayo kwingine yangemezwa na kelele ndani ya dakika kumi. Lakini mgeni anakuta ukurasa mtupu. Utafutaji wa maneno ndani ya machapisho ulikuja na toleo la 4.2, Septemba 2023, nao unafika tu kwa watu waliokubali machapisho yao yatafutwe. Mjadala usioufahamu ni vigumu kuukuta. Unategemea hashitegi, na kumjua mtu anayemjua mtu.

Hapa Bluesky imewaacha wenzake mbali. Mlisho wenyewe ni kitu unachochagua, na mtu yeyote anaweza kuutengeneza na kuwagawia wengine. Kila chapisho linabeba alama ya lugha lililoandikwa. Kwa hiyo kwa zana kama Graze au SkyFeed, bila kujua kuandika programu za kompyuta, unaweza kuunda mlisho unaokusanya machapisho ya Kiswahili pekee yenye maneno kama bajeti, katiba, tume, muswada, ukayapanga kwa saa au kwa idadi ya majibu. Mtu wa Mombasa, wa Mwanza na wa Muscat wakijiunga na mlisho huo, wanasoma ukurasa mmoja. Ukiona aliyeutengeneza ameanza kupendelea upande, unauacha na kuchukua wa mwingine, na akaunti yako haiguswi. Watumiaji wa X hawajawahi kuwa na nafasi hiyo.

Usimamizi nao umekatwa vipandevipande. Tangu Machi 2024 kikundi chochote kinaweza kuendesha huduma ya kubandika lebo, kwa mfano “taarifa isiyothibitishwa” au “akaunti ya kuigiza”, na wewe unaamua kama machapisho yenye lebo hiyo yafichwe, yaje na onyo, au yapite kama kawaida. Kampuni inabaki na kanuni zake za chini, lakini juu ya hapo unaongeza macho unayoyaamini.

Kinachonitia wasiwasi ni orodha za kublok. Mtu anakusanya majina elfu moja, anaipa orodha jina analotaka, maelfu wanaifuata kwa kubonyeza mara moja. Umo ndani kwa kuwa ulimjibu mtu fulani mwaka jana, na hutajua kwa nini sauti yako haifiki. Juni 2025 J. D. Vance, Makamu wa Rais wa Marekani, alijiunga na Bluesky, na ndani ya muda mfupi akawa miongoni mwa akaunti zilizoblokiwa zaidi. Kila raia ana haki ya kutomsikiliza kiongozi akiwa nyumbani kwake. Ila anayekuja mtandaoni kujadili siasa, akazima upande wote wa pili kwa orodha ya mtu mwingine, hatajua hoja ya mpinzani wake mpaka siku ya kura. Bonyeza orodha za matapeli na watukanaji. Za kisiasa zisome jina kwa jina kwanza.

Kwa Nostr jibu ni fupi: inategemea programu. Damus kwenye iPhone, Amethyst kwenye Android, Primal kwenye zote mbili, kila moja inachuja kwa namna yake, na rilei unazochagua zinaamua unapata nini. Mazungumzo mengi kule ni ya Bitcoin. Anayetafuta mjadala wa Bunge kwa Kiswahili atajikuta akiongea peke yake kwa muda mrefu.

Mjadala wenyewe unakwendaje

Chukua mfano wa kawaida kabisa. Umeandika hoja ya sentensi nne kuhusu mikopo ya elimu ya juu. Mtu mwenye wafuasi wengi anainukuu, anaongeza kejeli, na baada ya nusu saa majibu yamejaa watu ambao hawajasoma hoja yako, wamesoma kejeli yake.

Kwenye Bluesky, tangu Agosti 2024, unafungua chapisho lake, unagusa nukta tatu, unachagua kulitenga chapisho lako na nukuu ile. Maneno yako yanatoweka ndani ya posti yake. Inabaki kejeli bila ilichokuwa ikikejeli. Unaweza pia kuamua nani ajibu: kila mtu, unaowafuata, uliowataja, au asijibu mtu. Bado anaweza kupiga picha ya skrini, lakini msongamano wa watu wanaofuata njia ile ya kubofya unakatika. Nimeona mabishano yakitulia kwa hatua hiyo moja.

Mastodon kwa miaka mingi ilikataa kabisa kuwa na nukuu za namna hii, kwa kuamini zinachochea watu kumzomea mtu badala ya kumjibu. Ilikubali mwishoni mwa 2025, kwenye toleo la 4.5, na ikaiweka kwa masharti: mwandishi ndiye anayeamua nani anaruhusiwa kumnukuu. Naona wamefika mahali sahihi, ingawa kwa kuchelewa. Kwenye Nostr chapisho likishatiwa saini na kusambaa, kulifuta ni ombi tu, na kila rilei ina hiari ya kulitii au kulipuuza.

Mastodon ina desturi nyingine inayogusa siasa moja kwa moja: pazia la onyo. Unaandika kichwa kifupi, “siasa za Marekani” kwa mfano, na msomaji anabonyeza ndipo aone maneno. Kwenye seva nyingi huhesabiwa kuwa adabu kufunika siasa kwa pazia hilo. Inafaa kwa mtu aliyechoka na habari. Ila mwishoni mwa 2022 watu Weusi wengi waliohamia huko waliambiwa wafunike simulizi zao za ubaguzi wa rangi ili wasiwasumbue wengine. Waliokasirika walikuwa na haki ya kukasirika. Kama maisha yako ndiyo siasa, kuambiwa uyafunike ni kuambiwa unyamaze kwa lugha laini. Kabla ya kujiunga na seva yoyote soma kanuni zake kuhusu jambo hili, kisha soma jinsi watu wanavyojibizana pale, kwa sababu mara nyingi vinatofautiana.

Urefu nao una maana yake. Mastodon inatoa herufi 500 kwa kawaida, na mwenye seva anaweza kuongeza, Bluesky 300, Nostr haina kikomo cha namna hiyo. Hoja ya bajeti yenye tarakimu haikai vizuri kwenye herufi 300. Utaikata vipande, na kipande cha tatu ndicho kitakachonukuliwa bila cha kwanza.

Kuna jambo moja ambalo hakuna mtandao kati ya hii umelitatua: msimamizi anayejua siasa zetu. Mwaka 2022, kabla ya uchaguzi wa Kenya, NCIC, tume ya mshikamano wa kitaifa, iliweka “madoadoa”, neno la kuwabagua watu wa makabila mengine, kwenye orodha ya maneno ya uchochezi. Anayejua ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 haulizi kwa nini. Msimamizi aliyeko California au Berlin, akitafsiriwa neno hilo na mashine, atasoma habari ya nguo au ya ngozi, na atalipitisha. Tofauti ni kwamba kwenye mitandao iliyogatuliwa huhitaji kumsubiri aajiriwe. Kikundi cha Wakenya na Watanzania kinaweza kuendesha seva ya Mastodon yenye kanuni zake, au huduma ya lebo ya Bluesky inayoyatambua maneno hayo na muktadha wake. Ni kazi ya kila siku, haina malipo, na anayeifanya atatukanwa na pande zote. Ningependa kuona chama cha waandishi au idara ya Kiswahili ya chuo kikuu ikiibeba.

Na tukubali tunachokikosa. Juni 2024, Wakenya walipokuwa wakiupinga Muswada wa Fedha, mjadala mkubwa ulikwenda kwa sauti, kwenye Spaces za X, watu wakipokezana maikrofoni usiku kucha na mawakili wakisoma kifungu kimoja kimoja. Mastodon na Bluesky hazina ukumbi wa sauti wa namna hiyo. Anayehamisha maandishi yake leo atajikuta bado anarudi X kusikiliza.

Dola ikigonga mlango

Tuanze na kuzuiwa. Programu ya Bluesky inategemea anwani chache za kampuni, na anayeweza kuizuia X anaweza kuzizuia hizo kwa njia ileile. Mastodon ni ngumu zaidi: ukizuia mastodon.social, zimebaki maelfu nyingine, na mtu wa seva ndogo isiyojulikana anaendelea kuwaandikia wenzake. Rilei za Nostr nazo ni nyingi na mpya huzaliwa kila mara. Udhaifu wake uko kwenye maduka ya programu: Februari 2023 Damus iliondolewa kwenye duka la Apple nchini China siku chache tu baada ya kuingizwa. Na mtandao wenyewe ukikatwa, kama ilivyotokea Tanzania tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, hakuna hata mmoja kati ya hii mitatu unaofanya kazi. Anayekuahidi vinginevyo anakuuzia kitu ambacho hana.

Kisha kuna kuombwa. Aprili 2025 Bluesky ilizificha akaunti 72 kwa watumiaji walioko Uturuki, kwa matakwa ya mamlaka za nchi hiyo. Wengi wangeishia hapo na kusema ni yaleyale. Lakini kificho kile kiliwekwa ndani ya programu rasmi ya kampuni, na machapisho yalibaki kwenye mtandao. Aliyefungua programu nyingine inayotumia itifaki ileile aliendelea kuyasoma. Kwa maoni yangu hakuna tukio linaloeleza thamani na mipaka ya Bluesky vizuri kuliko hilo: kampuni iliinama, itifaki haikuinama, na faida waliipata wale wachache tu waliojua kuna programu nyingine.

Jina la anwani ya seva nalo ni mlango ambao watu husahau kuufunga. Februari 2024 seva ya queer.af ilipoteza anwani yake kwa sababu .af ni ya Afghanistan na Taliban ndio wanaoisimamia sasa. Julai 2023 Mali iliporudisha mikononi mwake anwani za .ml, zilizokuwa zikitolewa bure kwa miaka mingi, seva ya fmhy.ml ilitoweka vilevile. Kikundi kinachofungua seva ya kujadili serikali fulani kisitumie anwani inayosimamiwa na nchi hiyohiyo. Kosa hilo ni rahisi kuliepuka mwanzoni, na gumu kulirekebisha baada ya watu kujiunga.

Jambo la mwisho hapa ndilo ninaloliogopa zaidi. Mei 2023 maafisa wa FBI walipekua nyumba ya admini mmoja wa kolektiva.social, seva ya wanaharakati, kwa kesi isiyoihusu seva. Wakaondoka na vifaa vyake, na ndani yake mlikuwa na nakala ya hifadhidata ya seva isiyofungwa kwa usimbaji, yaani inayosomeka na yeyote aliyeishika: barua pepe, anwani za IP, ujumbe wa watu wawiliwawili. Ujumbe wa faragha wa Mastodon unaonekana na mwenye seva. Wa Bluesky nao haufungwi kuanzia kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji, kwa hiyo kampuni inaweza kuuona. Nostr hufunga maneno, lakini kwa mfumo wake wa zamani kila mtu aliona nani anawasiliana na nani. La siri lipelekeni Signal, programu ambayo ujumbe wake husomwa na mtumaji na mpokeaji tu.

Hata la wazi lina hatari yake. Bluesky haina chapisho la faragha: kila unachoandika, na hata uliyemblok, ni wazi kwa dunia. Novemba 2024 mtu aliweka hadharani mkusanyo wa machapisho milioni moja ya Bluesky kwa ajili ya kufundishia mashine, akauondoa baada ya kelele, lakini njia aliyopitia ipo wazi kwa yeyote. Mastodon angalau inakuruhusu kuandika kwa wafuasi wako tu. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, au ile ya Kenya ya 2018, haiulizi seva yako iko nchi gani. Inaangalia uliyeandika uko wapi. Kama jina lako halisi lipo juu ya akaunti na laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole, ugatuzi wa seva haujakuongezea ulinzi wowote wa kisheria.

Siku ya kuhama

Mastodon inahamisha wafuasi wako kwenda seva mpya, lakini machapisho yanabaki ulikotoka, na seva ya zamani lazima iwe bado hai. Ikizimika ghafla, umeanza upya. Kwenye Bluesky kitambulisho chako hakifungamani na seva. Ukitumia anwani ya tovuti yako kama jina, unaweza kuhama na machapisho, wafuasi na jina, na wafuasi wasigundue. Kasoro ni kwamba daftari kuu la vitambulisho hivyo lilijengwa na kampuni yenyewe, na waliowahi kuhama kweli bado ni wachache. Nostr huhami kabisa: unafungua programu nyingine, unaingiza ufunguo, kila kitu kipo. Ukiupoteza ufunguo, hakuna “nimesahau nenosiri”. Ukiibiwa, mwizi anasema kwa jina lako na huna wa kumlalamikia. Kwa mwanasiasa au mwandishi hilo ni tishio kubwa kuliko kufungiwa akaunti.

Ningekushauri hivi

Kama wewe ni mtu mmoja, unataka kubishana na wengi na kusikia wengi, nenda Bluesky, lakini usiende kwa uvivu. Weka jina la anwani yako mwenyewe kama unaweza kulilipia, pakua nakala ya akaunti yako mara kwa mara, na weka programu ya pili kwenye simu leo, kabla ya siku ambayo ile rasmi itaficha kitu.

Kama ninyi ni kikundi, iwe ni waandishi, wanafunzi wa sheria, jukwaa la wanawake au asasi ya kiraia, Mastodon yenu wenyewe inawafaa zaidi. Mnaandika kanuni kwa Kiswahili, mnaamua kuhusu pazia, mnakata uhusiano na mnaotaka. Wekeni admini wasiopungua watatu, mmoja akiwa nje ya nchi, na nakala za akiba zifungwe kwa usimbaji. Kisa cha mastodon.lol kinatosha kuonyesha kinachotokea mzigo ukikaa begani kwa mtu mmoja.

Nostr ningeiweka kama makazi ya pili ya mtu aliyewahi kufutwa kwingine na anataka maneno yake yabaki. Andika ufunguo kwenye karatasi, uuweke penye usalama, na usianze na jina lako halisi.

Watu wa Mastodon na wa Bluesky wanaweza pia kufuatana kupitia daraja liitwalo Bridgy Fed. Mapema 2024 mtengenezaji wake alipanga kuunganisha kila mtu, na asiyetaka ndiye ajitoe. Watumiaji wengi wa Mastodon walikataa kwa nguvu, wakisema hawakuhamia huko ili maneno yao yapelekwe kwingine bila idhini, naye akageuza utaratibu: anayetaka ndiye anayejiunga. Kwa hiyo ukiwa Mastodon unaifuata akaunti ya @bsky.brid.gy@bsky.brid.gy, na ukiwa Bluesky unaifuata ya @ap.brid.gy, kisha unasubiri ikufuate nawe. Kuanzia hapo watu wa upande wa pili wanakuona na kukujibu. Rafiki yako asipofanya hivyo kwake, wewe hutamwona, kwa hiyo mkikubaliana kugawana mitandao, fanyeni hatua hiyo siku moja, wote.